Mwenye nyumba wakati wa kampeni, mjenzi wa kiholela baada ya kura

Kwenye kuta za nyumba nyingi za Bukavu, Goma, Uvira na Lubumbashi kuna alama ambayo kila mkaaji anaijua: msalaba wa rangi nyekundu, na pembeni yake maneno mawili ya Kifaransa, "à démolir". Watumishi wa serikali wanapita na kopo la rangi, wanaandika, wanaenda zao. Mara nyingine miaka inapita bila kitu kufuata, mwenye nyumba anapaka chokaa juu ya msalaba ule na maisha yanaendelea. Mara nyingine mashini inafika asubuhi, watoto wakiwa bado kitandani.

Mtu anayeishi nyuma ya ukuta ule ni mpiga kura. Wakati wa kampeni, wagombea walipita mbele ya mlango wake na vipaza sauti juu ya gari. Walimwita baba, mama, mwana wa nchi. Walimwahidi barabara, maji, umeme na makao yenye heshima. Kura zikiisha kuhesabiwa anapata jina lingine: mjenzi wa kiholela. Nyumba yake, katika Kifaransa cha ofisi, inaitwa "construction anarchique".

Kati ya majina hayo mawili kuna pesa nyingi. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inasema kwamba mali ya mtu binafsi ni takatifu, na kwamba hakuna anayenyang'anywa mali yake isipokuwa kwa faida ya wote, tena baada ya kulipwa fidia ya haki. Fidia hiyo inatakiwa kulipwa mbele, si nyuma. Lakini inalipwa kwa mtu anayetambuliwa kuwa na haki juu ya mahali pale. Meya, liwali au waziri akitangaza kwenye redio kwamba nyumba fulani ni za kiholela, hazungumzi tena habari ya fidia. Anazungumza habari ya mitaro iliyozibwa, usafi wa muji na mamlaka ya serikali. Hivyo deni la serikali linafutwa kwa neno moja, na wasikilizaji wengi hawaoni kwamba limefutwa.

Ni haki kusema pia kwamba viongozi hawadanganyi kuhusu hatari. Bukavu imejengwa juu ya milima inayoteremka kwenye ziwa Kivu, na vita vya tangu 1996 vimeleta ndani yake watu ambao muji haukupangwa kuwapokea. Mvua ikinyesha usiku, udongo unateleza na kubeba nyumba. Moto ukiwaka Kadutu, gari la zimamoto halina njia ya kupita kati ya nyumba na nyumba. Kinachokosekana katika hotuba ni swali la pili: yule mtu alifikaje pale, na nani alimpa karatasi?

Udongo ni wa nani

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ina kifungu kimoja ambacho wanasiasa wanakitaja mara chache mbele ya wapiga kura. Ni kifungu cha 53. Kinasema udongo ni mali ya serikali peke yake, hauuzwi moja kwa moja wala haupotei kwa sababu ya muda kupita. Mtu anayesema amenunua parseli hakununua udongo. Anachoweza kuwa nacho ni haki ya kuutumia. Mwananchi wa Congo anaweza kupewa haki hiyo bila mwisho, ndiyo konsesio ya daima. Mgeni anaipata kwa muda unaohesabika. Nyumba iliyo juu ni yake, ardhi iliyo chini si yake.

Njia ya kufika kwenye sheria hiyo ilipitia hotuba kubwa. Tarehe 7 Juni 1966, miezi michache baada ya Mobutu kuchukua madaraka, ilitoka amri ambayo watu wanaiita sheria ya Bakajika, kwa jina la mbunge Bakajika. Ilirudisha mikononi mwa serikali ardhi na haki za madini ambazo wakoloni walikuwa wamegawa kabla ya uhuru. Watu walipiga makofi, na walikuwa na sababu: makampuni ya Wazungu yalishika sehemu kubwa za nchi. Lakini ardhi iliyotoka kwa makampuni haikurudi kwa kijiji. Ilikwenda kwa serikali, na serikali ina ofisi, na ofisi ina mtu mwenye muhuri.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapita mikononi mwa Wazaire. Waliopata walikuwa kwanza watu wa karibu na madaraka. Nyumba nyingi nzuri za katikati ya miji yetu, zile zenye miti ya zamani na ukuta wa mawe, zina historia inayopitia miaka ile. Kwa raia wa kawaida, somo lilikuwa kwamba anayejua ofisi ndiye anayepata nyumba, na somo hilo halijasahauliwa.

Karatasi inayothibitisha haki juu ya parseli ni moja tu, kadiri ya kifungu cha 219 cha sheria ile ile: hati ya kuandikishwa, ambayo wengi wanaiita sertifika. Ikiisha miaka miwili bila kupingwa, kuivunja kunakuwa vigumu sana. Hayo ndiyo maandishi. Sasa tuseme familia moja inanunua kiwanja pembeni ya Goma au Uvira. Kwanza kuna karatasi ya kuuziana, yenye majina ya mashahidi. Chefu wa kartie anaweka saini. Komine au territoire inatoa fishi ya parseli. Kama mahali pako chini ya mwami, kuna pia karatasi ya chefu wa kimila, na mara nyingi mbuzi au kinywaji kabla ya karatasi. Baadaye watu wa kadasta wanapaswa kuja kupima, na ofisi ya hati inapaswa kuandika. Ruhusa ya kujenga inatoka kwingine kabisa, kwa watu wa mipango ya miji, ambao wako chini ya wizara tofauti na ile ya ardhi. Kila mlango una malipo yake, mengine ya sheria, mengine ya mfuko.

Familia nyingi zinasimama kwenye fishi ya komine. Pesa zimeisha, na ile karatasi ina muhuri wa Jamhuri, bendera na saini. Mtu anaamini amemaliza. Hakumaliza. Siku msalaba mwekundu unapochorwa, anakimbia na fishi yake mkononi na anaambiwa karatasi hiyo haimpi haki yoyote. Aliyeitoa alikuwa serikali, na anayeikataa ni serikali pia.

Kuna jambo ambalo wakaaji wa Bukavu wanalisema kwenye kila kikao: sehemu kadhaa za mabonde na kingo za mito zinazoitwa leo mahali pasipojengwa ziligawanywa kwa karatasi za ofisi. Mahakama zimejaa kesi za parseli moja iliyouzwa mara mbili. Ni nadra sana kusikia kiongozi anatangaza kwenye redio, kwa sauti ile ile anayotumia kwa wajenzi, kwamba mtumishi aliyegawa bonde atalipa nyumba iliyobomolewa.

Nyumba za hotuba

Upande mwingine wa maneno ya wanasiasa ni wa ahadi, nao una umri mkubwa. Wabelgiji walikuwa nao. Union Minière ya Katanga ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao katika kambi za matofali, kwa sababu mtu mwenye familia karibu hatoroki kazi. Nyumba ilikuwa nzuri kuliko ya kijijini, lakini ilikuwa ya kampuni. Kazi ikiisha, familia inatoka. Mwaka 1952 serikali ya koloni ilianzisha Office des Cités Africaines, OCA, ambayo ilijenga maelfu ya nyumba katika miji mikubwa ya Congo, na mwaka uliofuata amri ilifungulia Wacongo njia ya kuwa na mali isiyohamishika kwa jina lao. Walisema mtu mwenye nyumba yake ni mtu mtulivu, hana haraka ya siasa. Miaka michache baadaye, miji ile ile ilidai uhuru.

Nyumba za OCA zingali zinasimama. Anayepita kwenye mitaa ya zamani anazitambua kwa mstari wake ulionyooka, hata kama wajukuu wameongeza vyumba mbele, nyuma na pembeni. Baada ya uhuru ahadi za aina hiyo ziliendelea, lakini idadi ya nyumba ilipungua na waliozipata walikuwa watumishi wa serikali na watu wa tabaka la kati. Cité Mama Mobutu huko Kinshasa ni mfano unaojulikana. Chini ya Joseph Kabila ilikuja lugha ya usasa: "mapinduzi ya usasa" lilikuwa neno la kampeni ya 2011, na Cité du Fleuve, muji wa binafsi uliojengwa juu ya ardhi iliyojazwa kwenye mto Congo, ukawa picha inayotembea mbele ya macho ya watu. Picha ilikuwa nzuri. Mwalimu wa Walungu au muuza mkaa wa Sake hakuwa na njia ya kuingia ndani yake.

Kesi inayokumbukwa zaidi ni ya juzi. Tarehe 2 Machi 2019, Rais Félix Tshisekedi alitangaza programu ya haraka ya siku 100. Ndani yake kulikuwa na nyumba 1,500 za kijamii, za aina inayoletwa vipande vipande na kuunganishwa papo hapo. Aprili 2020 mkurugenzi wa ofisi yake, Vital Kamerhe, mtoto wa Kivu ya Kusini, alikamatwa. Kesi ilifanyika ndani ya gereza la Makala na kuonyeshwa kwenye televisheni ya taifa, hata kwenye vibanda vya Bukavu watu walisimama kuiangalia kama mpira. Juni 2020 alihukumiwa miaka 20 ya kazi ngumu kwa kosa la kupoteza karibu dola milioni 50 zilizotengwa kwa nyumba hizo. Juni 2021 korti ya rufaa ilipunguza kuwa miaka 13. Juni 2022, baada ya korti kuu kuvunja hukumu hiyo, aliachiliwa kwa kuonekana hana hatia. Mwaka 2024 alichaguliwa kuongoza bunge la taifa.

Kila mmoja ana maoni yake juu ya kesi hiyo, na hukumu ya mwisho ndiyo inayohesabika. Lakini kuna kitu kilichopita bila kuonwa katika miezi ile yote. Watu walijifunza majina ya benki, majina ya mikataba, kiasi cha dola na tarehe za kutoa pesa. Swali la nani angepewa funguo za nyumba 1,500, kwa bei gani, kwa kipimo gani, na angepewa karatasi ya namna gani, lilisikika kidogo sana. Katika maneno ya kisiasa, nyumba ilikuwa imekuwa hesabu ya pesa, na mwenye kuingia ndani yake hakuwa na sura.

Jina la tatu: mhanga

Katika mashariki ya nchi kuna wakati mwingine ambapo viongozi wanazungumza juu ya nyumba kwa sauti ya upole: baada ya maafa. Januari 2002 volkano Nyiragongo ilimwaga moto hadi katikati ya Goma na kuacha watu karibu 120,000 bila makao. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama karibu na Buhene, na maelfu ya nyumba za territoire ya Nyiragongo zikamezwa. Aprili 2020 mto Mulongwe uliingia Uvira. Mwanzoni mwa Mei 2023, huko Kalehe, mafuriko yaliua watu zaidi ya 400 katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na watu wengine hawakupatikana hata mwili.

Kila mara wakubwa walifika kwa ndege, wakavaa buti, wakatembea juu ya matope au mawe yenye joto bado. Kila mara neno lilikuwa moja: serikali itawahamishia mahali salama. Lakini mahali salama ni ardhi ambayo ina mwenyewe tayari, kwa kimila au kwa sertifika. Ili kuhamisha familia, lazima kwanza serikali inunue au ichukue, ipime, igawe, iandike. Kazi hiyo ni ya miezi na ya pesa, na haifanyiki mbele ya kamera. Ndiyo maana wahanga wengi wanarudi pale pale, juu ya lava au kando ya mto, wanasimamisha mbao na mabati. Nyumba ya mbao ya Goma inachekwa na wageni, lakini ina akili yake: inaweza kufunguliwa msumari kwa msumari na kubebwa mahali pengine. Baada ya mwaka mmoja au miwili, mhanga aliyerudi anaitwa tena mjenzi wa kiholela.

Asiyetajwa

Kuna mtu mmoja ambaye hana jina kabisa katika hotuba hizo, naye ni mpangaji. Goma na Bukavu zimejaa wapangaji: mwanafunzi, askari, mama muuza samaki, mwalimu, mhami aliyepata chumba Ndosho au Panzi. Goma ilipojaa mashirika ya kigeni, nyumba za Himbi zilipanda bei kwa dola, na upandaji huo ulishuka hadi kwenye vyumba vya mbao vya Majengo. Mwanasiasa anapozungumza habari ya makao anamwambia mtu atakuwa mwenye nyumba siku moja. Mwezi huu, mpangaji anatafuta pesa ya kulipa.

Sheria iko. Ni namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya kupangisha nyumba za kuishi. Inaweka mpaka kwa ile pesa inayotolewa mbele, garanti: haipaswi kupita miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa. Wapangaji wengi hawajawahi kuisikia, na katika miji mingi wenye nyumba wanaomba miezi sita au zaidi bila wasiwasi. Kisa si kigumu kueleza. Wanaotunga na kutekeleza sheria hizo, wabunge, mameya, majaji, makamanda, wengi wao wana nyumba za kupangisha. Kumtetea mpangaji ni kujipunguzia mapato. Ndiyo sababu kifungu cha 48 cha katiba, kinachohakikisha haki ya makao yenye heshima pamoja na maji na umeme, kinatajwa sana siku za sherehe na kidogo sana mbele ya ofisi ya komine, pale mama anapolalamika kwamba ametolewa nje kabla ya mwezi kuisha.

"Rudini nyumbani"

Tangu Januari 2025, M23 ilipochukua Goma, na Februari ilipoingia Bukavu, maneno juu ya nyumba yamechukua uzito mwingine. Kando ya Goma kulikuwa na makambi makubwa ya wahami. Februari ile wahami wa Bulengo na makambi mengine walipewa saa 72 kufungua mahema yao na kurudi kwao. Waliotawala muji walisema usalama umerudi, kwa hiyo watu warudi nyumbani. Kinshasa nayo ilisema, kwa upande wake, kwamba watu watarudi nyumbani siku serikali itakaporudisha mamlaka yake. Pande mbili zinazopigana zinatumia neno moja.

Kwa familia iliyotoka Masisi au Rutshuru miaka miwili au mitatu mbele, neno hilo lina maswali mengi. Mabati yaliondolewa. Mbao zilichomwa kupika. Shamba lililimwa na mwingine. Mara nyingine nyumba imesimama, na ndani yake kuna familia nyingine iliyokimbia kutoka kijiji kingine, nayo ilielekezwa pale na mtu mwenye bunduki au mwenye muhuri. Karatasi, kama zilikuwepo, zilibaki ndani siku ya kukimbia au zililoweshwa na mvua chini ya hema. Katika vijiji hivyo sertifika ni kitu cha nadra. Haki ya familia ilikuwa katika kumbukumbu ya majirani na neno la chefu. Sheria ya 1973, katika kifungu chake cha 389, ilisema haki juu ya ardhi za jamii za vijiji zitapangwa kwa amri ya rais. Miongo mingi ilipita na amri hiyo haikutoka.

Kwa hiyo baba anaporudi na watoto wake na kukuta mtu mwingine mlangoni, hana ofisi ya kwenda yenye maandishi ya parseli yake. Anatafuta wazee wanaokumbuka mpaka ulipita wapi, mti gani ulikuwa alama, nani alimpa babu yake mahali pale. Kisha wote wanakwenda kwa chefu wa kijiji, kama chefu mwenyewe amekwisha kurudi.